Kufufua gari ya dizeli iliyokaa miaka: betri mpya ndio ya mwisho, sio ya kwanza

Wakuu, maswali yamekuwa yale yale. "Kaka, mzee aliacha Hilux nyumbani Kisesa, imelala tangu alipofariki, nianzie wapi?" "Mkuu nimeuziwa Land Cruiser huku Sengerema ipo chini ya mwembe, nikifunga betri mpya si itawaka?" Nimeamua niandike yote mahali pamoja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Jibu la hilo la pili: ndio, inaweza kuwaka, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Dizeli ya zamani haina mambo mengi, ikipata kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), dizeli safi na joto kidogo inaunguruma, haikuulizi kama oili imepanda wala kama mkanda wa taimingi (ule unaofanya valvu ziende sambamba na pistoni) umepasuka. Gari nyingi nilizoona zimeishia skrepa hazikufa kwenye ule usingizi wa miaka, ziliuliwa siku ya kuamshwa, mtu kaja na betri begani, vijana wa kusukuma na kichupa cha petroli. Ndio maana hatua nyingi hapa chini ni za kabla hujagusa ufunguo, na nakuomba usiziruke.

Naongelea dizeli za pampu ya kawaida: Hilux za injini 2L, 3L na 5L, Land Cruiser za 1HZ na 2H, Nissan za TD27, Pajero za 4D56 na ndugu zao. Kama yako ni komoni reli (dizeli za kisasa zinazoendeshwa na kompyuta), usafi wa tenki, oili na breki ni ule ule ila USILEGEZE paipu za nozo (vipulizo vya dizeli juu ya injini) kama nitakavyoeleza, presha ya mle ndani ni ya kukutoboa. Hiyo mpe fundi mwenye mashine.

Na kabla hujatoa hata shilingi, angalia kadi ya usajili wa gari. Gari ya marehemu hubadilishi jina bila msimamizi wa mirathi, sasa wewe utengeneze gari vizuri halafu wajomba waje kuichukua? Malizeni hilo kwanza.

Vitu vya kuwa navyo

- Spana kuanzia namba 8 mpaka 19, seti ya soketi na mpini mrefu, bisibisi, plaizi, jeki na stendi za kuegeshea (mawe tunayo mengi Mwanza lakini usilale chini ya gari iliyoegeshwa kwenye jiwe)
- Mita ya umeme, hata ile ya bei rahisi, na taa ya kupimia
- Oili ya injini 15W-40 na filta yake. Hilux ya 3L inakula karibu lita 6, 1HZ inakula zaidi, kijiti cha kupimia oili ndio kitakwambia
- Filta za dizeli MBILI. Ya kwanza itaziba, amini
- Dizeli mpya lita 10 kutoka sheli yenye wateja wengi, na dumu safi
- Mpira wa mafuta unaoonyesha ndani, mita mbili au tatu, na klipu zake
- Mafuta ya breki, kulanti (dawa ya maji ya rejeta), dawa ya kulegeza kutu
- Ubao mpana wa kutosha kuziba mdomo wa paipu ya hewa ya injini. Usicheke, nitaeleza
- Kizima moto, na mtu wa pili wa kukaa kwenye usukani

1. Zunguka gari, usiguse ufunguo

Gonga bonneti kabla ya kufungua na tumia fimbo kupekua, nyoka wanapenda sana hapo juu ya injini na chini ya siti. Kisha fungua nyumba ya filta ya hewa. Hapo ndipo panya wanapojenga, utakuta majani, matambara, maganda ya karanga, siku nyingine na watoto wamo. Ukiwasha hivyo vyote vinavutwa ndani. Fuata paipu ya hewa mpaka mwisho, angalia na mdomo wa ekzosi maana wale nyigu wanaojenga kwa udongo wanaziba kabisa, chokonoa kwa waya mpaka uone pako wazi.

Angalia waya, panya wakishakula ganda unaona shaba inang'aa. Kila palipoliwa funga tepu au badilisha. Mipira yote ibonyeze kwa vidole, unaovunjika kama biskuti tupa.

Tairi nazo: ubavuni kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Za zamani hivyo zitakutoa uani mpaka gereji lakini usiende nazo Shinyanga.

2. Oili

Chomoa kijiti. Oili nyeusi ni kawaida kwa dizeli. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa kuna maji ndani, na kama imezidi alama na inanuka dizeli ujue dizeli imekuwa ikiingia kwenye oili, usiendelee mpaka ijulikane kwa nini.

Fungua nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) POLEPOLE. Maji huwa chini ya oili, yatatangulia yenyewe, hapo ndipo unajua ukweli wote. Badilisha filta, mpya ijaze oili kabla ya kuifunga. Oili chafu usimwage mtaroni, mtaro wa Mwanza unaishia ziwani, na majirani wenye nguzo zinazoliwa na mchwa wanaitafuta hiyo.

3. Mkanda wa taimingi

2L, 3L, 5L, 1HZ na 4D56 zinatumia mkanda wa mpira. TD27 na 2H zinatumia gia, wewe mwenye hizo ruka hatua hii unywe chai.

Kwenye hizi za mkanda, ukikatika au ukiruka meno pistoni inapiga valvu, hapo unaongelea kufungua hedi (kichwa cha injini). Toyota nyingi za dizeli zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka kila kilomita 100,000, lakini taa inahesabu kilomita, haihesabu miaka ya kukaa juani. Fungua kava, pinda mkanda kidogo. Ukiona nyufa, umekauka au una mafuta, badilisha pamoja na beringi yake. Mimi kwa gari iliyokaa zaidi ya miaka mitano sijisumbui kukagua, nabadilisha tu, alama zikae mahali pake kabla sijaendelea. Na watu wanaposema "tuiwashe kwanza tuone kama nzima ndio tununue mkanda" huwa naondoka zangu.

4. Zungusha injini kwa mkono

Hii ndio hatua yenyewe, hapa usiwe na haraka.

Pulizia dawa ya kutu kwenye shina la kila hita plagi (plagi ya umeme inayopasha joto silinda kabla ya kuwasha), acha ilale. Kesho yake fungua taratibu, ikigoma rudisha nyuma kidogo, ongeza dawa, subiri tena. Hita plagi ikikatikia ndani ni hedi kushuka, kwa hiyo bora upoteze siku mbili.

Zikitoka zote weka oili kidogo kwenye kila tundu, kijiko kimoja cha chai, BASI. Chumba cha dizeli ni kidogo mno, ukimimina nusu kikombe pistoni itakuta oili ambayo haibanyiki na konrodi (mkono wa pistoni) itapinda. Acha usiku kucha ishuke kwenye ringi za pistoni.

Asubuhi weka gia nyutro, funga soketi kwenye boliti ya puli ya kirenki shafti (shafti kuu ya injini) chini mbele, zungusha kuelekea injini inakozungukia, kwa hizi nyingi ni kama saa ukiwa umesimama mbele ya gari. Unataka mizunguko miwili kamili bila kukwama. Uzito wa kulingana ni sawa. Ikisimama ghafla kama imegonga kitu, simama na wewe, usiongeze bomba kwenye mpini, rudi ukaangalie taimingi. Ikiwa haisogei kabisa pistoni zimeshika, weka dawa tena, subiri siku kadhaa, kila siku ijaribu kwa nguvu ya kawaida mbele na nyuma. Zipo zinazoachia baada ya wiki. Isipoachia hiyo ni ovahoo (injini kufunguliwa yote), lakini angalau hujavunja kitu.

Na tafadhali usivute gari iliyoshika kwa trekta ukiwa umeweka gia. Nimeshaona konrodi imetoka ubavuni mwa bloku.

5. Tenki na dizeli

Watu wa ziwani hapa tuna mzigo wa ziada. Hewa yetu ina unyevu, tenki likiwa nusu tupu unyevu unageuka matone usiku, yanashuka chini, na pale maji yanapokutana na dizeli wanaota vijidudu wanaotengeneza kamasi nyeusi. Fungua nati ya chini ya tenki na uweke beseni, utaona kwanza maji, kisha hiyo kamasi, kisha dizeli imekuwa na harufu ya rangi ya mlango. Hiyo yote haifai, usichuje kwa kitambaa ukairudisha.

Kwa kuwasha mara ya kwanza LIACHE TENKI. Weka dizeli mpya kwenye dumu, lining'inize juu kidogo ya injini mbali na ekzosi, toa mpira mmoja kwenda kwenye ingizo la filta ya dizeli, na mpira wa marejeo kutoka kwenye pampu uuelekeze humo humo dumuni. Mpira ukiwa wa kuonyesha ndani unaona mapovu kwa macho, huhitaji kubahatisha. Injini ikishakuwa nzima ndio unashusha tenki, unalisafisha na chujio lake.

Funga filta mpya sasa hivi.

6. Maji na breki

Mwaga maji ya rejeta, suuza mpaka yatoke meupe, jaza kulanti na maji safi. Nje ya rejeta tazama kwa tochi, wale wadudu wa ziwani wanaotanda jioni wanafia kwenye mapezi na kuziba, piga maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini. Hilux za 2L hedi zake hazina uvumilivu na joto, usipuuze hili.

Breki kabla ya kuwasha, sio baada. Pedali ikishuka mpaka chini, gari haiendi popote. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu, toa yote ya zamani, jaza mapya, toa upepo magurudumu yote ukianza na lililo mbali. Dramu zikiwa zimeng'ang'ania gonga pembeni kwa nyundo kuzunguka. Pikapu zilizobeba samaki wa soko la Mwaloni kagua paipu za breki za chuma nyuma kwa umakini, lile maji ya samaki na barafu linakula chuma kweli.

7. Betri, halafu piga stata bila dizeli

Sasa leta betri. Ikiwa imejaa inasoma volti 12.6 hivi ikiwa imetulia, chini ya 12 haina kitu. Angalia pia mfumo wa gari, Land Cruiser nyingine za zamani zina betri mbili na umeme wa volti 24, nyingine zina betri mbili lakini ni volti 12. Soma kwenye stata au oltaneta (kifaa kinachochaji betri) kabla ya kubusti kwa betri ya gari nyingine, ukikosea unaunguza.

Hita plagi bado ziko nje. Chomoa waya mmoja ulio kwenye solenoidi (valvu ya umeme inayofungua na kukata dizeli) nyuma ya pampu ili isipeleke dizeli (2H mfumo wake wa kukata dizeli ni tofauti, muulize fundi), weka kitambaa juu ya matundu, kaa pembeni maana ile oili ya juzi itaruka, piga stata sekunde 10, pumzika dakika moja, rudia mpaka taa ya oili izime. Hapo beringi zimeshapata oili kabla ya moto wowote.

Kabla ya kurudisha hita plagi zipime: taa ya kupimia klipu kwenye chanya ya betri, ncha juu ya plagi, mwili wake ukiwa umegusa bodi. Taa ikiwaka plagi nzima. Usizipime kwa kuziunganisha moja kwa moja na betri, Toyota nyingine zinatumia plagi za volti 6, zitaungua mkononi mwako. "Mwanza hakuna baridi, hita za nini?" Injini hizi zinazihitaji asubuhi hata kwa joto letu, hasa ikiwa kompresheni imechoka.

8. Toa upepo

Rudisha waya wa solenoidi, washa swichi bila kupiga stata, sikiliza "tik" kwenye pampu. Isiposikika tik hakuna dizeli itakayopita, tafuta fyuzi au waya uliokatwa na panya.

Piga pampu kwa kile kitufe cha juu ya filta mpaka iwe ngumu na mapovu yaishe kwenye mpira. Kisha legeza nati za paipu kwenye nozo, nusu mzunguko tu, mwenzako apige stata mpaka dizeli itoke kila paipu, kaza moja moja. Usiweke kidole kupima. Dizeli ya presha inaingia chini ya ngozi bila hata kuuma sana, na ikiingia unaenda hospitali ya Bugando saa hiyo hiyo na unawaambia ni dizeli ya presha, usisubiri kivimbe.

9. Washa

Mmoja kwenye usukani, mmoja anasimama na ule ubao karibu na paipu ya hewa. Sababu: pampu iliyokaa inaweza kuwa imeganda kwenye mafuta mengi, au injini ikaanza kula oili yake, ikawaka na kupanda resi yenyewe, ukizima ufunguo haizimi. Wengi hapo wanakimbia. Mwenye ubao azibe hewa kwa nguvu, sio kwa mkono, sio kwa kitambaa chepesi kitakachovutwa ndani. Ikikosa hewa inakufa.

Hita, subiri taa izime, piga stata. Isipowaka kwa sekunde 10 au 15, acha ipoe, rudia. Usimwage petroli, usipulize dawa ya kuwashia kwenye gari yenye hita plagi, inalipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni.

Ikiwaka itatetemeka, itamisi, itatoa moshi mweupe na wa bluu, ni ile oili yako. Usikanyage resi! Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, isipozima zima wewe. Acha isilensi (iungurume polepole bila resi), zunguka na tochi uangalie uvujaji, gusa paipu ya juu ya rejeta kama inapata joto, pima betri, 13.8 hadi 14.5 oltaneta inafanya kazi.

10. Barabarani

Klachi inaweza kuwa imeganda kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), gia haiingii. Injini ikishapata moto zima, kanyaga pedali na uigandamize kwa kipande cha mti usiku kucha, mara nyingi inaachia.

Mara ya kwanza pita sehemu tambarare, barabara ya uwanja wa ndege asubuhi na mapema inafaa, usianze na mlima wa Bugando, ng'wanawane (mwanangu). Bima iwe imekatwa. Baada ya kilomita mia chache mwaga oili tena na badilisha filta ya dizeli, ile ya pili uliyonunua.

Ikigoma

*Stata inazungusha vizuri, haitoi moshi wowote.* Dizeli haifiki. Tik ya solenoidi, kisha upepo, kisha kama paipu za nozo hazitoi kitu pampu imekwama ndani, ipelekwe kwa fundi pampu, usiifungue uani.

*Moshi mweupe unanuka dizeli, haishiki.* Hita plagi, au kompresheni, au taimingi imekosewa kwa jino moja.

*Moshi mweupe hata ikipata moto, na maji yanapungua.* Gasketi ya hedi au hedi imepasuka.

*Moshi mweusi.* Hewa haitoshi, angalia filta na ekzosi kabla ya kulaumu nozo.

*Bluu usioisha baada ya siku kadhaa.* Ringi au sili za valvu. Unaweza kuishi nao ukiongeza oili, uamuzi wako.

*Pampu inavuja dizeli kwenye mkono wa mafuta.* Oringi imekauka. Ni kazi ndogo kwa fundi pampu na usikubali kuuziwa pampu nzima.

*Inawaka asubuhi kwa shida, ikishawaka nzuri.* Hita plagi, au kuna mahali inavuta upepo usiku, ule mpira wa kuonyesha ndani ufunge tena utakuonyesha.

*Inatembea vizuri dakika kumi kisha inakufa, ukisubiri inawaka tena.* Uliisafisha injini ukasahau tenki. Chujio la mle ndani limevuta kamasi. Au fungua kifuniko cha tenki, ukisikia hewa inaingia kwa fyuu basi tundu la upumuaji limezibwa, mara nyingi ni wale wale nyigu, lizibue kwa sindano.